Ubao mfupi na mpana kwa mawimbi mafupi ya ziwa

Safu ya wasomaji mwezi huu tumewaachia wapanda mawimbi wa Ziwa Victoria. Barua ni nyingi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na pale barua mbili zilipouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Nina kilo 68. Kusimama juu ya ubao nilijifunza Dar es Salaam. Hapa Igombe natumia ubao aliouacha mgeni: futi 6 na inchi 2, upana inchi 18 na nusu, pua imepinda juu. Wimbi linanipita chini kila mara. Tatizo ni mimi au ubao?
*Msomaji, Igombe, Ilemela*

Ni ubao. Huo ulichongwa kwa ajili ya bahari, tena bahari yenye nguvu.

Mawimbi ya bahari kuu yaliyotoka mbali hufuatana kwa sekunde 10 hadi 15, na kwenye kina kirefu umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa lingine unapita mita 150. Mawimbi ya ziwani huzaliwa na upepo wa hapahapa. Yanafuatana kwa sekunde 3 au 4, na umbali huo ni mita 14 hadi 25 tu. Mawili yanaweza kuwa na kimo kilekile cha kiunoni, lakini la ziwani lina maji machache nyuma yake ya kukusukuma, na uso wake ni mfupi. Wimbi la sm 60 huvunjika kwenye kina cha sm 75 hivi, likienda kama kilomita 10 kwa saa. Ukipiga mikono vizuri wewe unafika karibu nusu ya mwendo huo. Nusu iliyobaki ni kazi ya ubao: ama unyanyuke mapema na kuteleza juu ya maji, ama ubaki umezama ukisukuma maji mbele yake. Wako unasukuma.

Wengi wakisikia mawimbi madogo wanakimbilia unene. Unene hukusaidia ukiwa umelala unapiga mikono. Kinachokutoa ndani ya maji ni upana, hasa upana wa sehemu ya nyuma, pamoja na tumbo la ubao (upande wake wa chini) lililonyooka. Ubao uliopinda kama ndizi unahitaji wimbi lenye mwinuko mkali ili uende. Kwenye wimbi dhaifu mpindo huo ni breki.

Kwa nini basi usichukue mrefu wa futi 9? Siku ya maji laini utakufaa, hatukatai. Lakini uso wa wimbi la ziwani ni mfupi mno: mkia ukiwa bado umepanda mgongoni mwa wimbi, pua imeshafika bondeni na inachimba. Tena mawimbi hayana mapumziko, na kuuvusha ubao mrefu kwenye povu linalokuja kila sekunde 4 kunamaliza mikono kabla hujafika.

Kwa kilo 68 na mtu anayejua kusimama, tafuta urefu wa sm 168 (futi 5 na inchi 6), upana sm 57, unene sm 7. Ujazo wa ubao wa umbo hili unakadiriwa kwa kuzidisha urefu, upana na unene, kisha kuzidisha kwa 0.6: hapa unapata lita 40. Anayeanza kabisa mwenye uzito huohuo aende sm 188 kwa 59 kwa 7.5, yaani lita 50 hivi. Anayeuza akikutajia lita tu bila upana, usinunue kwanza.

Suala la chumvi nalo linaulizwa sana. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2.5 hivi. Ujazo wa lita 40 unaobeba kilo 41 baharini, ziwani unabeba kilo 40, na mwili wako nao unazama kidogo zaidi. Fidia yake kwa mtu wa uzito wako ni lita 2, basi. Anayekwambia maji yasiyo na chumvi yanahitaji ubao mkubwa mara moja na nusu anakuuzia povu.

Umbo lenyewe si geni. Bob Simmons wa California alichonga mbao pana zenye tumbo la kuteleza katika miaka ya 1940, na mwaka 1967 kijana wa San Diego, Steve Lis, akatengeneza ubao mfupi wenye mkia uliogawanyika kama wa samaki. Ule wa Lis ulikuwa wa kupigia magoti. Kwa hiyo usione haya: siku ambazo Igombe inakupa mawimbi ya gotini, kupiga magoti ndiyo matumizi sahihi ya ubao huu, na utapata safari ndefu kuliko anayelazimisha kusimama.

Shikamooni. Mimi ni fundi seremala, Kirumba. Natengeneza milango na madirisha, mara nyingine nakarabati mitumbwi. Vijana wameniletea mchoro wa ubao mfupi na mpana wa kupandia mawimbi. Maboksi meupe ya minofu ya sangara yapo tele huku. Nianzie wapi, na kipi nisikosee?
*Fundi, Kirumba*

Marahaba, fundi. Randa na jicho unavyo, kwa hiyo nusu ya kazi imeisha.

Maboksi ya sangara yaache. Kuta zake ni nyembamba, utahitaji kuunganisha vipande vingi, na kila kiungo cha gundi ni kigumu kuliko povu linalokizunguka, kwa hiyo randa itaruka na kuacha matuta. Tena boksi lililokwishabeba samaki lina mafuta, na gundi haishiki kwenye mafuta. Tafuta bamba zima la povu hilohilo jeupe (polistairini), la aina inayotumika kuzuia joto kwenye vyumba vya baridi: sm 175 kwa 62 kwa 10. Likikosekana, gandisha mabamba mawili ya sm 5 kwa safu nyembamba ya epoksi (gundi ya kuchanganya na kigandishi).

Kabla ya kulipa, pima uzito wake. Kata kipande cha sm 10 kila upande, kiweke kwenye mizani ya jikoni. Gramu utakazosoma ndizo kilo za povu hilo kwa mita ya ujazo. Unataka 24 hadi 30. Likisoma 15, ni la kufungashia televisheni: kisigino kitalibonyeza ndani ya wiki, hata ukiweka faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu.

Sasa mpindo. Chora umbo la ubavu wa ubao kwenye hadibodi, nakala mbili zinazolingana kabisa. Tumbo liwe karibu limenyooka katikati. Puani linyanyuke sm 9, lakini ukirudi nyuma sm 30 kutoka puani liwe limenyanyuka sm 3 tu. Mkiani sm 3.5, na sm 30 kabla ya mkia sm 1. Maana yake mpindo wote wa mbele unaishia kwenye kipande kifupi cha mwisho. Hapo ndipo ubao wa ziwani unapotofautiana na wa bahari: tumbo la kuteleza linabaki refu, ila pua inaokoka inapoangukia bonde la wimbi fupi. Unene uwe sm 7 katikati, ukipungua hadi sm 3 puani na sm 2.5 mkiani.

Bandika hadibodi hizo mbavuni mwa bamba, moja kila upande, kisha kata kwa waya wa moto. Waya wa nikromu wa mm 0.5, urefu sm 75 uliokazwa kwenye upinde wa mbao, ukiunganishwa na betri ya gari ya volti 12 unapata joto la kutosha. Usiuunganishe na umeme wa ukutani hata kwa utani. Watu wawili, mmoja kila upande, waende kwa mwendo mmoja bila kusimama. Ukisimama waya unachimba shimo. Waya unatakiwa uyeyushe kimyakimya. Ukiona moshi, joto limezidi, fungua saketi uache upoe. Kazi hii ni ya uwanjani penye upepo, si ndani ya karakana, kwa sababu mvuke wake ni sumu.

Likishapata mpindo, pasua bamba katikati kwa urefu na weka uti wa mbao: ubapa wa paini wa mm 5 uliokatwa kwa mchoro uleule wa hadibodi. Mvule unakaa vizuri zaidi majini lakini ni mzito, na uti hauguswi na maji kama kazi imefungwa sawasawa. Gandisha kwa epoksi, funga kwa kamba za mpira kila sm 20, na hakikisha kwa uzi kwamba uti umenyooka kabla gundi haijakauka. Uti ukipinda, kila kipimo utakachochukua baadaye kutoka katikati kitapinda nao.

Umbo la juu lichorwe kwa kiolezo cha nusu. Kata hadibodi ya upande mmoja tu, chora, igeuze, chora upande wa pili. Hapo pande zote mbili zitafanana hata kama mkono wako ulitetemeka. Sehemu pana kuliko zote iwe sm 5 mbele ya katikati. Upana kwenye sm 30 kutoka puani uwe sm 43, na kwenye sm 30 kutoka mkiani sm 43 au 44. Ncha mbili za mkia ziachane sm 27, na pengo kati yao liingie ndani sm 11. Pengo hilo si urembo. Mkia mpana unaelea sana na unakataa kulala ubavu; ukiugawa, kila upande unakuwa mkia mdogo mwembamba unaoweza kuzama kwenye kona.

Kata nje ya mstari kwa mm 3, kisha fika kwenye mstari kwa ubao wa msasa namba 60. Randa isiyo na makali ya wembe hung'oa punje za povu na kuacha vishimo, kwa hiyo kazi kubwa ifanywe na msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao cha sm 40 kilichonyooka, ukisukuma kwa mshazari. Tumia pia mwanga wa pembeni: funga taa mbili usawa wa kiuno, kushoto na kulia, uzime ya juu. Tuta la mm 1 ambalo mchana hulioni, hapo litaonyesha kivuli.

Mbavu ndizo zinazowashinda wengi. Chora mstari ubavuni sm 3.5 kutoka tumboni, na mwingine juu ya mgongo, sm 7 kutoka ukingoni. Ondoa pembe iliyo kati ya mistari hiyo kwa mpapaso mrefu kutoka mkiani hadi puani bila kusimama. Utapata pembe mbili mpya zilizolala. Ziondoe nazo, kisha malizia kwa kipande cha wavu wa msasa ukikivuta kama mtu anayefuta viatu. Upande wa tumbo zungusha kidogo tu katikati na puani. Sm 40 za mwisho mkiani usizungushe kabisa: acha pembe kali. Maji hung'ang'ania umbo la mviringo na kulivuta chini. Yakikutana na pembe kali yanaachia, na ubao unakimbia. Vijana wengi hulainisha hapo kwa sababu mkono unapenda ulaini, halafu wanashangaa ubao mzito.

Tumbo lisawazishwe. Kati ya mapezi (vibao vidogo vya kuongozea vilivyo chini ya mkia) unaweza kuweka mwinuko mdogo wa mm 4 kwenye uti, ukishuka kuelekea mbavuni, ili ubao uhame kirahisi kutoka upande hadi upande. Mabonde na mifereji mingine unayoiona kwenye picha za mbao za dukani, kwenye mawimbi haya hutaona faida yake.

Kitambaa cha faiba kiwe cha kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba: safu moja tumboni, mbili mgongoni. Anza na tumbo, kitambaa kizidi ukingo kwa sm 5 na kikunjwe kuelekea mgongoni. Siku ya pili fanya mgongo ukikunja kuelekea tumboni. Kwenye pengo la mkia chana kitambaa kwa umbo la V, ongeza kiraka, maana hapo ndipo ubao hupasuka kwanza. Epoksi ya ubao mzima pamoja na mapezi ni kilo 2 hivi, nunua 2.5. Kabla ya kitambaa, sugua povu kwa safu nyembamba ya epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa vipovu vya kioo ili kuziba mianya ya punje, la sivyo povu litakunywa gundi na ubao utaongezeka nusu kilo bila faida.

Saa ya kupaka nayo ina umuhimu wake. Mwanza asubuhi joto linapanda, hewa iliyo ndani ya povu inatanuka na kusukuma vipovu juu kupitia gundi mbichi. Paka jioni, kuanzia saa 11, joto linaposhuka: hewa inajikunja na kuivuta gundi ndani. Mimina gramu 300 kwa mara moja katikati ya ubao, subiri dakika 2 au 3 kitambaa kinywe, kisha vuta kuelekea mbavuni kwa kipande cha raba. Nyuzi za kitambaa zionekane kidogo juu ya gundi. Ukiona dimbwi linalong'aa, kitambaa kinaelea na umebeba uzito wa bure; ukiona weupe, hapo pamekauka, ongeza. Ukikamilika bila mapezi ubao huu usizidi kilo 3.5.

Nilipaka gundi ya faiba tunayozibia boti, povu likayeyuka mbele ya macho yangu. Nimeuziwa gundi mbovu?
*Msomaji, Musoma*

Gundi ni nzima. Hiyo ni poliesta, na ndani yake kuna staireni, inayoyeyusha povu la polistairini kabisa. Povu hilo linakubali epoksi tu. Hata rangi ya kupuliza ya kopo italitafuna, kwa hiyo kama unataka picha chora juu ya faiba, si chini yake.

Ukihamia epoksi, achana na mazoea mawili ya poliesta. La kwanza ni kuongeza kigandishi ili ikauke haraka. Kwenye epoksi kigandishi ni sehemu ya gundi yenyewe; ukizidisha unabaki na ngozi laini isiyokauka maisha yake yote. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na uangalie kama ni wa uzito au wa ujazo, maana haviko sawa. La pili ni kutumia ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Mikeka mingi imeshikiliwa na gundi inayolainishwa na staireni, kwa hiyo kwenye epoksi inabaki migumu na haikunjiki mbavuni. Tena mkeka hunywa gundi zaidi ya mara mbili ya uzito wake, wakati kitambaa kilichofumwa kinatosheka na uzito sawa na wake.

Gundi iliyochanganywa usiiache ndani ya kikombe. Ikijaa pamoja hujichemsha yenyewe, hutoa moshi na kuganda ndani ya dakika chache.

Tuna mbao mbili zilizochongwa kwa kipimo kimoja, zote mapezi mawili. Wangu ukigeuza, mkia unateleza pembeni. Wa mwenzangu unakimbia moja kwa moja, haugeuki. Na magugu maji yanatunasa.
*Msomaji, Bukoba*

Kwanza hongereni kwa mahali mlipo. Kusi ya Juni hadi Agosti inavuma kutoka kusini-mashariki na kulivuka ziwa lote kabla ya kuwafikia; ukanda wenu wa magharibi hupata mawimbi yaliyokomaa kuliko yale ya ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako upepo hauna nafasi ya kukimbia.

Mbao zikiwa sawa na tabia tofauti, pimeni mapezi, na mwelekeo wake mpime kutoka kwenye uti, si kutoka ukingoni. Kwa mkia wa sm 27 wenye pengo, pezi linalofaa ni refu kwa msingi na fupi kwa kimo: lina msingi wa sm 22 na kimo cha sm 12.5. Ncha ya nyuma ya msingi ikae sm 15 kutoka nchani mwa mkia, na pezi liwe sm 3.5 kutoka ukingoni. Mbele ya kila pezi ielekee ndani kidogo, mm 3 kuliko nyuma. Yasimame wima au yalale nje kwa digrii 2 au 3, si zaidi.

Wako unateleza: bila shaka mapezi yamesogea mbele mno, au ni mafupi. Ongeza pezi dogo la tatu katikati, kimo sm 7, nyuma kidogo ya hayo mawili. Hiyo si aibu. Mark Richards wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa ubao wa mapezi mawili, na ni kwa sababu ya utelezi huohuo kwamba Mwaustralia mwenzake, Simon Anderson, alileta mapezi matatu, akashinda nayo mashindano makubwa mwaka 1981. Wa mwenzako haugeuki: yako nyuma mno, au hayaelekei ndani kabisa. Asogeze mbele sm 1.5 tu kwanza. Akisogeza sm 4 kwa hasira atapata tatizo lako.

Angalieni pia makali. Pezi la plaiwudi la mm 12 lichongwe upande wa nje tu, wa ndani ubaki bapa. Mbele kuwe na mviringo, nyuma kukonde hadi mm 1. Ukisikia mlio ubao ukikimbia, makali ya nyuma ni manene au hayalingani.

Kuhusu magugu maji, pezi lililolala nyuma hujisafisha, lililosimama kama mlango hubeba kila kitu. Mteremko wa mbele ulale digrii 50 au zaidi kutoka wima. Lakini mkeka wa magugu ukishaingia ufukweni, hamisheni mchezo. Hakuna pezi la kazi hiyo, na chini yake hamjui kuna nini.

Niliagiza ubao mpya kutoka Dar es Salaam, ukaja juu ya basi. Umefika na lengelenge mgongoni kubwa kama sahani. Muuzaji anasema nimeuangusha.
*Msomaji, Nyegezi*

Kuanguka hakuleti lengelenge. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa ndani ya povu huko pwani ilikuwa na msukumo wa asilimia 100. Huku nje yake kuna asilimia 88 tu. Tofauti hiyo inasukuma kila kipande cha ngozi chenye ukubwa wa sm 10 kwa 10 kwa nguvu ya kilo 12 hivi. Ongeza jua la juu ya basi siku nzima, faiba inaachana na povu mahali ambapo haikushika vizuri. Angalia mgongoni kama kuna skrubu ndogo ya kupumulia. Ipo? Ilitakiwa ifunguliwe kabla ya safari, na ifungwe kabla ya kuingia majini. Haipo? Huo ni udhaifu wa ubao, wala si wa kwako.

Tiba ya lengelenge dogo: toboa matundu mawili ya mm 2, moja kila mwisho wa lengelenge. Ingiza epoksi kwa sindano tundu moja hadi itokee la pili, funika kwa nailoni, weka mfuko wa mchanga juu hadi kesho yake. Lengelenge likizidi kiganja, kama lako, au ukisikia maji yakichezacheza ndani, hapana: kata ngozi hiyo, kausha siku kadhaa kivulini, jaza, weka kitambaa kipya kinachozidi kidonda kwa sm 5 pande zote. Na ubao mweupe ubaki mweupe. Ukiupaka rangi nyeusi ukauacha juani Nyegezi, utaandika tena.

Mwanangu ana miaka 11 na kilo 34, anataka ubao kama wa kaka zake. Sina uwezo huo. Fundi anaweza kumchongea wa plaiwudi? Na nasikia kichocho, naogopa.
*Mama, Ukerewe*

Anaweza, mama, na kwa umri wake wa plaiwudi wa kulalia tumbo utampa mawimbi mengi kuliko wa kusimamia. Plaiwudi ya mm 9 inayostahimili maji, sm 100 kwa 45, mbele nusu duara, nyuma mkato ulionyooka wenye pembe zilizolainishwa. Pisi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa vibao 5, kwa hiyo changeni na majirani. Ile nyeusi ya kumwagia zege gundi yake inavumilia maji, ila uso wake unateleza. Upande wa juu ukwaruzwe kwa msasa namba 60. Kingo zipakwe vanishi safu 3, zaidi ya uso wenyewe, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo.

Kibao hiki kinajibeba chenyewe tu, hakimbebi mtoto. Asiende nacho kina kirefu. Asimame maji ya kiunoni, wimbi likifika mgongoni mwake ajisukume kwa miguu, mikono imekishika mbele, kifua juu yake. Hakihitaji pezi wala kamba ya mguuni, na kamba usimfunge kabisa mahali penye nyavu.

Kichocho ni cha kweli kwa ukanda wote huu. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia penye majani na matete. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo kuliko ghuba tulivu, lakini haina maana kwamba hakuna. Kujifuta haraka hakutoshi kuwa kinga. Mtoto anayeoga ziwani mara kwa mara apelekwe kituo cha afya akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, hupewa kulingana na uzito au kimo. Mamba na viboko waulizeni wavuvi wa hapo hapo, wao wanajua wiki hii wameonekana wapi. Na ngurumo ikisikika, hata ya mbali, atoke majini wakati huohuo, asisubiri wimbi la mwisho.